Kukarabati na Kuboresha Kempa ya Pikapu Nyumbani: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Arusha na Moshi

Kabla hujanunua paneli ya sola, friji au godoro jipya kwa ajili ya kempa yako, egesha gari mahali pa tambarare, zuia matairi kwa mawe, kisha ulale chali chini yake ukiwa na tochi na brashi ya waya. Kempa ninayoizungumzia hapa ni kile chumba cha kulala kinachofungwa juu ya pikapu, iwe Land Cruiser, Hilux au nyingine ya aina hiyo, chenye kitanda, jiko dogo na sehemu ya kuhifadhi maji. Wengi wetu tunazipata zikiwa zimeshatumika kwenye safari za mbugani, na zikifika mikononi mwetu huwa zimeshapigwa na mambo matatu: mtikisiko, vumbi na mvua za masika. Ukarabati wowote usioanzia kwenye mambo hayo matatu utarudiwa kabla mwaka haujaisha.

Chini ya gari utafute bolti zilizolegea, rangi iliyobanduka ikaacha alama ya chuma kinachosuguana, michirizi ya kutu, na nyufa kwenye vishikizo vinavyounganisha sanduku la kempa na chasisi. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye bolti ni ushahidi kwamba bolti hiyo imekuwa ikicheza kwa muda mrefu, hata kama ukiigusa inaonekana imekaza. Andika kila unachokiona kwenye daftari, ukianza mbele kulia na kuzunguka gari zima, kwa sababu baada ya kusafisha tope na kupaka rangi dalili hizo hutaziona tena.

Uzito kwanza

Kibati cha mtengenezaji kilichobandikwa kwenye gari, au kitabu chake, kitakuambia uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa gari likiwa limejaa. Tafuta ghala au kiwanda chenye mizani ya magari, uombe kupima gari likiwa na kempa, mafuta, maji na watu, na ikiwezekana upime pia ekseli ya nyuma peke yake. Nimeona watu wenye pikapu yenye uwezo wa kubeba takribani tani moja wakishangaa kugundua kwamba kempa tupu imekwisha kula sehemu kubwa ya uwezo huo kabla ya mtu yeyote kupanda.

Hesabu zake si ngumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 80 ni sawa na kubeba mtu mzima wa ziada ambaye hashuki. Plaiwudi ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 18 ina uzito wa kilo 30 hivi, ilhali ile ya milimita 12 ina kama kilo 20, kwa hiyo kabati lililotengenezwa kwa karatasi tatu hupungua kilo 30 kwa kubadili unene tu. Mninga ni mbao nzuri sana kwa milango ya nyumba na vitanda vya chumbani, lakini kwenye kempa ni mzigo. Tumia plaiwudi nyembamba yenye fremu ya mbao za paini, na uweke nguvu kwenye viungo badala ya kuiweka kwenye unene. Vitu vizito, yaani maji, betri na mtungi wa gesi, vikae chini na mbele ya ekseli ya nyuma. Vikikaa nyuma ya ekseli hiyo, gari huinua pua, usukani hupoteza mshiko, na chasisi hubeba mzigo mahali ambapo haikuundwa kuubeba.

Mahali kempa inapokutana na chasisi

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watumie muda mrefu zaidi. Chasisi ya pikapu ni reli mbili ndefu za chuma zilizounganishwa kwa vyuma vya kukingama, mfano wa ngazi iliyolazwa chini, na imeundwa ili ijisokote kidogo: gurudumu la mbele kulia linapopanda jiwe huku la nyuma kulia likishuka kwenye shimo, reli hizo mbili haziko tena katika usawa mmoja. Sanduku la kempa, lenye sakafu, kuta nne na paa, halitaki kusokotwa hata kidogo, kama boksi la viatu lililofungwa kifuniko. Ukivifunga vitu hivyo viwili pamoja kwa bolti nne au sita ngumu, kimoja lazima kiumie, na kinachoumia huwa ni kona za sanduku, hasa sehemu ya juu ya mlango na pembe za madirisha.

Kempa yangu ilipasuka juu ya mlango wa nyuma katika safari ya Ziwa Natron, kwenye njia ya mawe iliyo mbele ya Engaruka. Fundi wa kwanza aliziba ufa huo kwa silikoni, ukapasuka tena baada ya safari moja; wa pili aliweka bamba la alumini, na bamba lenyewe likang'oka ribiti. Hakuna kati yetu aliyeangalia chini, ambako fremu ya sanduku ilikuwa imekazwa moja kwa moja kwenye reli za chasisi bila nafasi ya kupumua. Tulipobadili ufungaji, ufa ule ule ulizibwa kwa mara ya mwisho.

Ufungaji unaofaa ni huu. Fremu ya chini ya kempa ilalie reli za chasisi kwa urefu wote, katikati yake pakiwa na ukanda wa mpira mgumu. Vipande vya mikanda mikubwa ya kiwandani, ambavyo huuzwa kama chakavu, hufaa kuliko mpira wa tairi kuukuu wenye nyaya za chuma ndani. Bolti za nyuma, karibu na ekseli, ziwe za kukaza kabisa. Bolti za mbele, zile zilizo jirani na kichwa cha gari, ziwe ndefu na zivalishwe springi ngumu chini ya nati, ili reli inaposokotwa fremu iweze kuinuka sentimita moja au mbili na kurudi mahali pake. Pembeni ya kila springi weka kishikizo cha bamba kinachozuia sanduku lisiteleze kushoto na kulia. Kisha hakikisha kuna nafasi ya kutosha kati ya ukuta wa mbele wa kempa na kichwa cha gari, kwa kuwa viwili hivyo sasa vitacheza kila kimoja kwa namna yake.

Tumia bolti zenye alama 8.8 kichwani, nati zenye pete ya plastiki ndani, na washa pana. Usitoboe tundu jipya kwenye uso wa juu au wa chini wa reli ya chasisi, kwa sababu hapo ndipo nguvu za kupinda zinapokuwa kubwa. Tumia matundu yaliyowekwa kiwandani, au utoboe kwenye uso wa ubavuni, katikati ya kimo chake. Usikubali mtu achomelee chochote kwenye reli zenyewe. Vishikizo unaweza kuvichomelea mezani kisha kuvifunga kwa bolti, na ikiwa ni lazima kuchomelea popote kwenye gari, ondoa kwanza waya wa hasi kwenye betri ili kulinda vifaa vya elektroniki. Ukimaliza kukaza, chora mstari mwembamba wa rangi nyeupe kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho jirani, na siku nati ikizunguka hata kidogo, mstari utakuwa umekatika.

Kama kempa yako ni ile inayoingizwa ndani ya bodi ya nyuma bila kuondoa bodi, kamba na minyororo ya kuishikilia isifungwe kwenye kuta nyembamba za bodi. Peleka vishikizo hadi kwenye chasisi, na utandike zulia la mpira chini ya kempa ili isiteleze.

Ufa wenyewe kwenye ngozi ya alumini hurekebishwa kwa kutoboa tundu dogo la milimita 3 mahali hasa unapoishia, ili usiendelee mbele. Kisha bandika bamba la alumini kwa ndani kwa gundi ya poliyurethani pamoja na ribiti, likizidi ufa kwa sentimita 5 kila upande. Usitumie bamba la chuma, kwa maana alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo huliwa.

Mvua na vumbi

Kutafuta mahali panapovuja kunahitaji watu wawili na mpira wa bustani. Mmoja akae ndani na tochi. Mwingine amwage maji kwa nje, akianzia chini na kupanda taratibu, dakika kumi kila sehemu. Ukianzia juu, maji yatashuka kwenye viungo vyote na hutajua ni kipi kilichoyaingiza. Kuna njia ya pili ninayoipenda zaidi, kwa sababu hailowanishi magodoro: weka blowa dirishani, ziba nafasi iliyobaki kwa kadibodi na utepe, washa ili hewa ijae ndani, kisha upake povu la sabuni kwenye viungo vyote vya nje. Povu litachemka pale penye tundu, na tundu linalotoa hewa ndilo hilo hilo linaloingiza vumbi.

Silikoni ya kawaida ya madirisha ya nyumba, ile yenye harufu kali ya siki, isikaribie kempa. Asidi yake hula chuma, na mabaki yake yanazuia gundi na rangi nyingine zisishike. Ikwangue yote kwa kisu cha plastiki, futa kwa spiriti mara mbili kwa vitambaa safi, ndipo upake gundi ya poliyurethani kama Sikaflex. Chini ya fremu za madirisha na tundu la hewa la paa, tumia utepe wa butili, ambao haukauki na hivyo hufuata mtikisiko bila kuachia. Kazi hii ifanyike ukuta ukiwa mkavu kabisa: Januari na Februari ni miezi mizuri, na vilevile kuanzia Juni hadi Oktoba, ilimradi usianze mapema kabla umande haujakauka.

Mbao zilizooza ndani ya ukuta hujulikana kwa kugonga kwa mpini wa bisibisi. Mbao nzima hulia kwa sauti kavu, iliyooza huitikia kwa sauti nzito, na ncha ya bisibisi huzama bila nguvu. Kata hadi sentimita 10 ndani ya mbao nzima, acha wazi kwa siku kadhaa pakauke, weka kipande kipya cha plaiwudi isiyopitisha maji, na kingo zake zipakwe rangi mara mbili kabla ya kufungwa. Kingo ndizo zinazokunywa maji. Mafundi wengi hupaka uso tu.

Vumbi lina tabia ambayo haina budi kueleweka. Gari linapokwenda, hewa iliyo nyuma yake hupungua shinikizo, na wingu la vumbi hufyonzwa kuelekea mlango wa nyuma. Ndiyo maana baada ya barabara ya changarawe kutoka Ngorongoro kuelekea Naabi unakuta shuka zimegeuka kahawia ingawa mlango ulikuwa umefungwa. Badilisha kwanza mpira wa mlango. Ujaribu kwa kufungia kipande cha karatasi kati ya mlango na fremu: karatasi ikichomoka bila upinzani, mpira hapo haugusi. Fanya hivyo kila baada ya sentimita 15 kuuzunguka mlango wote. Kisha tengeneza tundu la kuingiza hewa mbele ya paa, lenye kifuniko kinachotazama mbele na kichujio kinachoweza kuoshwa, ili mwendo wa gari uisukume hewa safi ndani na kuufanya mgandamizo wa ndani uzidi wa nje. Tangu nilipoweka tundu hilo, vumbi la nyuma limepungua kuliko lilivyopungua kwa mpira mpya peke yake. Tundu hilo pia huwa msaada usiku kwenye kingo za kreta ya Ngorongoro, ambako baridi ni kali na pumzi za watu wawili hutosha kulowanisha kuta zote hadi asubuhi. Liache wazi kidogo, pamoja na dirisha la upande wa pili.

Ukitoka Natron au Manyara, osha gari kwa maji mengi siku hiyo hiyo, chini na juu. Vumbi la magadi likichanganyika na unyevu huila alumini.

Umeme

Arusha iko karibu nyuzi 3 na nusu kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo jua la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima. Paneli iliyolazwa juu ya paa hupoteza umeme kidogo tu, hivyo huhitaji fremu ya kuigeuza. Iinue sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye paa ili hewa ipite chini yake, kwani paneli ikipata joto kali hutoa umeme pungufu, na uipe mwinamo mdogo ili maji ya mvua yasituame na kuacha tope.

Kipime kwanza unachotumia. Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa hutumia kama wati 45 inapokuwa kazini, na kwenye joto la Moshi au Mto wa Mbu inaweza kufanya kazi karibu nusu ya siku. Hiyo ni takribani wati-saa 500 kwa siku. Paneli ya wati 100, ukiipa saa tano za jua kamili na kuondoa upotevu wa joto, vumbi na nyaya, itakupa kama wati-saa 350 au 400. Paneli moja haitoshi. Ziwe mbili, na hapo taa na simu zitapata sehemu yao. Betri kavu ya ampea-saa 100 usiishushe chini ya nusu. Ikipumzika bila chaji wala mzigo, volti 12.7 ni kujaa na volti 12.2 ni nusu. Betri ya lithiamu hukubali kushushwa zaidi na ni nyepesi sana, lakini inahitaji kidhibiti cha chaji kilichowekwa kwa ajili yake.

Hitilafu nyingi nilizokuta kwenye kempa zilitokana na nyaya nyembamba. Chukua friji inayovuta ampea 10 inapoanza, iliyo mita 6 kutoka kwenye betri, ikiwa imeunganishwa kwa waya wa milimita 2.5 za mraba: umeme unasafiri mita 12 kwenda na kurudi, na njiani hupotea zaidi ya volti 0.8. Friji huona betri imekwisha na kujizima, mwenye gari akanunua betri mpya, na tatizo likabaki pale pale. Kwa waya wa milimita 6 za mraba upotevu hushuka hadi volti 0.35. Kila waya wa chanya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi isiyozidi sentimita 20 kutoka betrini, na ukubwa wa fyuzi ufuate uwezo wa waya, maana kazi ya fyuzi ni kuuokoa waya usiwake moto. Popote waya unapopita kwenye bamba, weka kipete cha mpira, na uufunge kila baada ya sentimita 30, kwa kuwa mtikisiko wa barabara yenye mikunjo kama bati la mgongo hukata maganda ya nyaya kama msumeno.

Betri ya gari na betri ya kempa zisiunganishwe moja kwa moja. Tumia chaja inayopokea umeme wa altaneta na kuurekebisha kabla ya kuupeleka kwenye betri ya pili. Kwa betri ya lithiamu hili ni la lazima, kwani yenyewe huvuta umeme mwingi kiasi cha kuiunguza altaneta.

Gesi na maji

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Mtungi, na ule wa kilo 6 unatosha, ukae katika kisanduku chake kisichopitisha hewa kuelekea chumbani, chenye tundu sakafuni linalotoka nje moja kwa moja. Mpira wa gesi ubadilishwe unapoonyesha nyufa, na kila kiungo kijaribiwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Jiko lisitumike kupasha joto chumba cha kulala, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata likiwa limebaki majivu ya moto, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Tangi la maji liwe la plastiki ya daraja la chakula, lenye vizuizi vya ndani au ligawanywe kuwa madumu kadhaa, ili maji yasirushwe huku na huku kwenye kona. Kuhusu maji yenyewe, wakazi wa Arusha na Meru tunajua kwamba visima na vijito vingi vya kwetu vina floraidi nyingi, na kwamba ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia. Kichujio cha kawaida cha mkaa kinachouzwa kwa ajili ya magari hakiiondoi, na kuchemsha huizidisha kwa sababu maji hupungua nayo ikabaki. Mkaa wa mifupa, ambao umekuwa ukitumika katika kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, huiondoa, na chujio la aina hiyo linaweza kufungwa kwenye bomba la kempa. Njia rahisi kwa msafiri ni kutenga dumu la kunywa na kulijaza maji yanayojulikana kuwa salama, kisha tangi kubwa likabaki kwa kuoshea.

Springi, karatasi za gari na safari ya majaribio

Ikiwa nyuma ya gari imelala, kuongeza mabamba ya springi na shokapu zinazolingana nayo kutarudisha kimo, lakini hakuongezi uzito unaoruhusiwa na kibati cha mtengenezaji. Badilisha bushi wakati huo huo. Na kama umbo la gari limebadilika kutoka lile lililoandikwa kwenye kadi, nenda TRA na kwa bima yako uulize kinachotakiwa kabla ya kuingia barabarani. Ajali ikitokea, swali la kwanza litakuwa hilo.

Safari ya kwanza isiwe ya Serengeti. Jaza maji, gesi na vyakula kama vile unakwenda wiki nzima, endesha kilomita 100 hivi zikiwamo za changarawe, ulale usiku mmoja karibu na nyumbani, kisha asubuhi urudi chini ya gari na tochi na lile daftari. Kaza upya bolti za ufungaji, kagua mistari nyeupe, gusa kila kiungo cha waya uone kama kina joto, nusa kisanduku cha gesi, na upitishe kitambaa cheupe kwenye kingo za mlango wa nyuma. Kitambaa kikirudi na vumbi, sehemu kilipochafuka ndipo mpira haukai sawasawa, na hapo utaanza tena na kipande cha karatasi.